Mafungu ya Mkaguzi

Tsuduni, Old Moshi
10 Agosti 2025. Asubuhi ukungu mzito, mlima hauonekani, baridi ya kuvaa masweta mawili.

Mwanangu Aikande,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Sisi ni wazima. Mama yako mkubwa Agness anasumbuliwa na goti lakini kwaya hajaacha. Migomba ya upande wa mfereji imebeba vizuri. Mkwe wetu Filbert, mume wa Violet, amenunua pikipiki na ameshaanguka nayo mara mbili, zote akiwa hajaiwasha.

Utajiuliza kwa nini naandika barua wakati simu ninayo. Kumbuka mwezi wa tano nilipotaka kukuambia wewe peke yako kwamba Baba yako Mkubwa Eliamini anapaka nywele dawa ya viatu. Ujumbe ukaenda kwenye kundi la ukoo, ambalo msimamizi wake ni yeye. Tangu siku hiyo simu nimeiachia kazi ya kuonyesha saa na kumulika njia. Barua inapita kwenye sanduku la posta la usharika na inatangazwa baada ya ibada, lakini angalau haifunguliwi.

Jambo lenyewe ni dogo. Mkutano wa ukoo umekaa, na imeamuliwa kwamba tarehe 26 Desemba, mtakapokuwa mmepanda wote kutoka huko mliko, atachinjwa mbuzi wangu, yule niliyemnunua sokoni Kiboriloni akiwa mdogo. Kaka Eliamini alisema amenona vya kutosha, na kwamba kidari chake ameshakiota mara mbili. Hakuna aliyepinga. Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu za mkutano, na mwandishi hapingi.

Mbuzi mwenyewe ni mbuzi tu. Namwita Mkaguzi kwa sababu nilipokuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa, mkaguzi aliyekuja kila mwaka alikuwa na ndevu zile zile na namna ile ile ya kukutazama kana kwamba umeficha gunia. Sina mapenzi naye ya pekee. Juzi amekula ratiba ya maombi ya akina mama, na wiki nzima kila mmoja akaja kanisani siku yake.

Sasa swali, kwa ajili ya elimu yangu tu. Uliniambia kwamba hapo Morogoro kampuni yenu inaotesha nyama ndani ya tangi bila kuchinja, na kwamba kazi hiyo inaongozwa na akili mnemba. Naomba kujua nyama hiyo inaanzia kwa mnyama gani, na kama mnyama mwenyewe baada ya hapo ANABAKI MZIMA.

Shangazi yako,
Elisifa

Nimeongeza asubuhi kabla ya kufunga bahasha: jana nililala saa tano. Nilitoka kukagua komeo la banda.


Morogoro
31 Agosti 2025

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imefika. Bosi wangu aliiinua kwenye mwanga akidhani ni notisi ya kutuhamisha, maana hajaona bahasha ya kuandikwa kwa mkono tangu alipomaliza shule. Mimi ni mzima. Huku joto, na natamani mtori wako wa ndizi kiasi cha kuuota. Mpe Mama Mkubwa pole ya goti. Filbert mwambie aanze na baiskeli.

Kuhusu elimu yako. Tunachukua kipande cha nyama kidogo kama punje ya harage kutoka kwenye paja la mnyama, baada ya sindano ya ganzi. Ndani yake mna seli hai. Tunaziweka kwenye tangi lenye mchuzi wa sukari, chumvi na vitamini, kwa joto kama la mwilini, nazo zinaongezeka. Baadaye tunazishikiza kwenye kiunzi laini kama wavu ili zijipange kama nyuzi za nyama. Shida ni kwamba seli zinadeka. Sukari ikizidi kidogo zinakufa, joto likipungua zinanuna, na hakuna binadamu mwenye subira ya kujaribu kila mchuzi. Hapo ndipo akili mnemba inapoingia. Programu yetu inasoma vipimo vya matangi usiku na mchana, inakisia mchuzi upi utaleta nyama ya namna gani, inajaribu, inakosea, inajirekebisha. Sisi tunaiambia tu tunataka nyama iweje mdomoni.

Na hapo ndipo tulipokwama. Maelezo tuliyoipa yaliandikwa na watu wa mbali wanaosema nyama ya mbuzi ina "kumbukumbu ya karanga na majani yaliyoanguka". Programu ikatii. Tulichopata kilikuwa na ladha ya daftari.

Tunahitaji mtu anayemjua mbuzi sehemu kwa sehemu. Shangazi, naomba uniandikie kila sehemu inavyopaswa kuwa. Andika kwa mpangilio wako mwenyewe. Na kama bwana mifugo wa huko atakubali kuchukua kipande, nitatuma chupa na boksi la barafu kwa basi.

Ndiyo, mnyama anabaki mzima. Anachechemea siku moja tu. Lakini kwa nini maneno hayo umeyapigia mstari mpaka karatasi ikatoboka?

Desemba sijui kama nitapata nafasi ya kuja. Zamu ni nyingi.

Wako,
Aikande


Tsuduni, Old Moshi
21 Septemba 2025. Asubuhi jua kidogo, kufika saa tatu mawingu.

Mwanangu Aikande,

Salamu. Agness goti limepata nafuu, sasa ni bega. Mvua chache. Filbert amewasha pikipiki, na yuko nyumbani anapumzika.

Karatasi ile ilitoboka kwa sababu kalamu ilikuwa mbovu.

Damian, bwana mifugo wa Rau, alikuja Jumanne na chupa yako. Nilimshikia mbuzi husika kichwa. Nilimwimbia kidogo, kwa sababu Damian alisema mnyama akitulia sindano inaingia vizuri. Tulikuwa tumefika ubeti wa tatu Kaka Eliamini alipotokea kwenye uchochoro wa migomba.

"Elisifa, huyo ana nini?"

"Anachanjwa, kaka."

"Pajani?"

"Chanjo mpya."

"Na wimbo ni wa nini?"

"Ni sehemu ya chanjo."

Damian ni Mkristo mzuri, hawezi kukaa kimya mbele ya uongo. Akaeleza kwamba ni kwa ajili ya utafiti, ila kwa sababu ya ganzi mbuzi huyu asichinjwe kwa wiki mbili. Kaka akapiga hesabu kwa vidole, akasema Desemba ni mbali, hakuna neno. Kisha akamminya Mkaguzi kidarini kama mtu anayechagua parachichi sokoni, akaondoka akipiga mluzi.

Sasa nauliza kwa ajili ya sayansi: maabara yenu haihitaji kipande cha pili? Katikati ya Desemba kingefaa sana. Na cha tatu mwanzoni mwa Januari.

Maelezo uliyoomba haya hapa. Nimeyaandika kama tunavyogawa, maana nyama isiyo na mwenyewe sijui kuieleza. Na unajua mgao wa ukoo wetu ulivyo mkali. Mtu akiitwa, akapokea kwa mikono miwili na kusema "nimepokea", amemalizana na mnyama yule. Ulikuwa mdogo mzee Eliufoo alipopokea shingo gizani akidhani ni paja. Alilia mpaka kwa mchungaji. Kaka Eliamini mwenyewe ndiye aliyeamua kesi ile: mnyama hagawanywi mara mbili. Eliufoo akala shingo.

Ya Eliamini, mkuu wa ukoo (kidari). Mafuta mengi nje, ndani imekaza. Haiivi haraka, na ukiiharakisha inazidi kukaza. Inataka moto mdogo na maneno mazuri. Ikishaingia mdomoni huwezi kufanya jambo jingine mpaka ikubali yenyewe.

Ya Agness (mbavu). Tamu sana karibu na mfupa, lakini lazima uifuate huko. Ina kelele kwenye moto, haina ubaya.

Ya Filbert, kama mkwe (shingo). Mbichi inaonekana kubwa. Ikikutana na moto inanywea. Msiitegemee.

Ya wanaotoka Dar (paja). Inapendeza kwa macho. Chumvi yake yenyewe haina.

Nimewaandika wote kumi na wawili wenye mafungu. Wengine wako nyuma ya karatasi.

Shangazi yako,
Elisifa

Nililala saa sita kasoro. Komeo lilikuwa zima, lakini mtu hana hakika mpaka alishike.


Morogoro
19 Oktoba 2025

Shangazi, shikamoo.

Natumaini bega la Mama Mkubwa limepoa. Mimi ni mzima, ila nimepungua usingizi kama wewe, na kosa ni langu.

Ilinipasa kuchuja maelezo yako, nitoe majina nibakize nyama. Sikufanya hivyo. Nilikuwa na haraka, nikapiga picha kurasa zote nikaziingiza jinsi zilivyo. Programu imeyashika maneno yako kuliko maelezo yote iliyowahi kupewa. Seli za Mkaguzi zimeota kwa wingi, matangi yamegawanywa, na kila tangi sasa lina jina la ndugu. Kila asubuhi natumiwa taarifa ya namna hii:

"Wanaotoka Dar wanaendelea vizuri na wanapendeza. Filbert amenywea tena. Agness ana afya njema. Kengele inayolia ni yake. Eliamini amekataa mchuzi mpya. Eliamini amekataa mchuzi wa zamani pia. Eliamini amejaza nafasi yake na anasukuma ukuta."

Bosi aliniuliza mbele ya wageni Eliamini ni nani. Nikasema ni aina ya kidari inayopatikana mlimani.

Programu ina maswali matatu, nakuandikia kama yalivyo:

Eliamini huchukua muda gani kulainika?

Maneno mazuri yaliyotajwa ni yapi? (Imeyahesabu kama kiungo. Inataka kujua kipimo.)

Mgongo ni wa nani? Imempitia mbuzi mzima kwenye maelezo yako, kila sehemu ina mwenyewe isipokuwa mgongo.

Hilo la mwisho nami nauliza, Shangazi. Mgongo tangu zamani ni fungu la shangazi. Umewaandika wote, hata Filbert. Wewe uko wapi?

Kipande cha pili hatuhitaji, samahani. Seli zimetosha. Nilimuuliza bosi tena kwa sababu yako, akakataa tena.

Mkaguzi hajambo? Kurasa nne umeandika "mbuzi husika", jina lake limekuponyoka mara moja tu, pale alipominywa.

Wako,
Aikande


Tsuduni, Old Moshi
9 Novemba 2025. Mvua ya vuli tangu alfajiri, mfereji umejaa, umeme hakuna.

Mwanangu Aikande,

Sisi ni wazima. Bega limepona, sasa Agness anasema ni moyo, lakini anakula vizuri. Filbert ameuza pikipiki kwa mtu aliyeanguka nayo pale pale.

Majibu kwa programu yenu.

Muda wa Eliamini kulainika: mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1994. Tulipeleka jani la isale kuomba radhi, tukapeleka pombe ya mbege, nami nikapiga magoti. Ilichukua siku tatu, na mbege iliongezwa.

Maneno: "Mwenye ukoo, bila wewe hatuanzi." Yasemwe taratibu, na anayesema asitabasamu.

Mgongo: andikeni lolote. Mtu hawezi kujieleza mwenyewe kama nyama.

Mbuzi husika hajambo. Kaka Eliamini sasa anakuja kila jioni na futi ya fundi cherehani, anampima kifua. Jana nilimsikia akimwambia, "Unaendeleaje, kidari?"

Nikamwambia, "Kaka, huyo ana jina."

"Mbuzi wa kuliwa hana jina, Elisifa."

"Mbona wewe unalo, na mwenyekiti mwenzio wa kamati ya maji anasema ungefaa kuchomwa?"

Sehemu ya pili sikuisema. Niliiandika kwenye shajara.

Kwa kuwa mvua imenifungia ndani na hakuna anayenisomea juu ya bega, nitasema wazi. Nyama ya tangi ikiwa tayari kabla ya Krismasi, itatosha mafungu kumi na mawili? Hata madogo? Sisemi watu wasichinje. Mimi ni mwandishi. Nauliza kama itatosha.

Shangazi yako,
Elisifa

Nililala saa saba. Mvua ilikuwa kali na banda linavuja upande wake wa kulalia.


Tsuduni, Old Moshi
30 Novemba 2025. Mawingu.

Aikande,

Jumapili tatu barua zimetangazwa, zote za mwinjilisti.

Kaka amenoa kisu. Amekinolea mbele ya banda, kwenye jiwe langu la kufulia. Mkaguzi akatoa kichwa kati ya mbao, akakinusa kisu, akakilamba. Kaka akasema, "Unaona? Hana pingamizi."

Amekilamba, Aikande.

Nililala saa nane.

Elisifa


Morogoro
12 Desemba 2025

Shangazi, shikamoo, na unisamehe.

Barua zako zote mbili zimefika. Ile niliyokuandikia mwezi wa kumi na moja imerudi kwangu leo. Niliandika namba ya sanduku la usharika mwingine, na walikaa nayo wiki tatu wakimtafuta Elisifa wao.

Itatosha. Vipande ni vidogo, kila kimoja kama kiganja cha mtoto, lakini ni kumi na viwili na ni Mkaguzi mtupu. Kibali cha kuonja kimetoka, na bosi amekubali ukoo wetu uwe jopo la waonjaji, kwa sababu ndio watu pekee walioyaelewa maelezo.

Yale maneno yamezua mambo. Programu ilikataa kuendelea na tangi la Eliamini mpaka kiungo hicho kiingizwe. Basi fundi wetu akawa anasimama mbele ya tangi kila asubuhi na kusema, bila kutabasamu, "Mwenye ukoo, bila wewe hatuanzi." Bosi alisema ni upuuzi. Siku ya pili Eliamini akaanza kupokea mchuzi. Mimi nadhani ni kwa sababu siku ile ile tulibadilisha joto, lakini programu haitaki kunisikiliza, na sasa bosi naye anapiga hodi kabla ya kuingia.

Tahadhari moja. Uliandika kwamba ikiwa mdomoni mtu hawezi kufanya jambo jingine mpaka ikubali yenyewe. Programu imelitimiza neno hilo. Bosi alionja kipande cha Eliamini, akaingia nacho mkutanoni, akatoka nacho. Hajawahi kuongoza mkutano kimya kiasi kile. Mnaweza kukichoma muda mrefu zaidi ili kilainike. Uamuzi ni wako.

Kuna na cha mgongo, cha kumi na tatu. Kwa kuwa ulikataa kujieleza, maelezo nimeyaandika mimi. Usiulize.

Sanduku litapanda basi tarehe 23, limejaa barafu. Mimi sitaweza kuja, Shangazi. Zamu ya sikukuu imeniangukia tena. Wasalimie.

Wako,
Aikande


Tsuduni, Old Moshi
26 Desemba 2025. Asubuhi jua tangu saa kumi na mbili, kilele cha Kibo wazi chote, theluji inaumiza macho.

Mwanangu Aikande,

Heri ya Krismasi. Wote wamefika salama. Agness haumwi popote leo, anasema hana nafasi. Sanduku nililipokea stendi, na barafu ilikuwa bado ngumu. Nakuandikia taa ikiwa mezani, na nitakueleza kwa mpangilio.

Tulikusanyika kwa Kaka Eliamini. Mbege ilikuwepo, kiburu cha ndizi na maharage kilikuwepo, na Mkaguzi alikuwepo, amefungwa kwenye mgomba kwa kamba mpya. Kisu kilikuwa kwenye sinia. Nilisimama nikasema kwamba kabla ya kazi ya kuchinja, Aikande ametuma zawadi: sehemu za mbuzi huyu huyu, zilizooteshwa Morogoro, na waonjaji wake ni sisi.

Kaka akatazama sinia la vipande, akamtazama mbuzi.

"Nitakulaje kidari chake wakati kidari chake kimesimama pale?"

"Mzee, ichukulie kama picha," akasema Filbert.

"Picha hailiwi, Filbert."

"Kwani amepungua nini?" akauliza Agness. "Mkikague basi, mkione kama kimetoka."

Watu wakageuka wote kumtazama mbuzi. Naye akatutazama mmoja mmoja, polepole, kama anahesabu magunia. Wengine walishusha macho.

"Onja, mume wangu," akasema Agness. "Au unaogopa kukutana na mwenzako?"

Hapo alishikika. Nikachoma vipande mwenyewe. Cha Agness kilipiga kelele kwenye wavu wa jiko mpaka watoto wakaja kutazama. Cha Filbert kilianza kama kiganja kikaishia kama kifungo cha shati. Wanaotoka Dar walikipiga picha chao, na baadaye walipokionja wakaomba chumvi. Cha Eliamini, Aikande, nilikumbuka kabisa ulichosema, kwamba kikichomwa zaidi kitalainika. Nilikitoa mapema.

Nikagawa kama inavyopasa. Nikaita jina, mtu akasimama, akapokea kwa mikono miwili, akasema "nimepokea". Kaka, niliyemwita wa kwanza, akasimama kwa heshima zote.

"Mwenye ukoo," nikamwambia, bila kutabasamu, "bila wewe hatuanzi."

Alipendezwa sana. "Nimepokea," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, akakitia chote mdomoni.

Akatafuna. Tukafungua mkutano kwa sala, anatafuna. Nikasoma kumbukumbu za mkutano uliopita, anatafuna. Filbert akatoa taarifa ya makaburi, ambayo kila mwaka Kaka huikatiza, na mwaka huu ilifika mwisho kwa mara ya kwanza. Tukagundua kumbe ina mwisho mzuri.

Nikafika ajenda ya nne, mbuzi. Nikafungua ukurasa wa pili.

"Ndugu zangu, kila mwenye fungu amepokea?"

"Tumepokea!"

"Ni mafungu ya mnyama gani?"

"Ya huyo!" Wakanyoosha vidole kwenye mgomba.

"Basi kwa uamuzi wa mwenyekiti wetu mwenyewe katika shauri la marehemu mzee Eliufoo, mnyama hagawanywi mara mbili. Mwenye pingamizi aseme sasa."

Kaka akainua mkono. Akainua na nyusi. Akatoa sauti, lakini haikuwa neno. Kutema hakuweza: mkuu wa ukoo akitema kidari mbele ya watu, amekitema na cheo. Akatafuna kwa kasi mpaka masikio yakacheza. Nikamsubiri muda wa haki kabisa, Agness ni shahidi. Kisha nikaandika: "Mwenyekiti hakuwa na neno. Mbuzi amegawanywa na kwisha." Nikapiga mstari mara moja tu, taratibu, karatasi isitoboke.

Alimeza tulipokuwa ajenda ya saba. Akajifuta mdomo, akamtazama Mkaguzi kwa muda, akanitazama mimi.

"Kidari kizuri," akasema. Akafikiri. "Kina ukaidi kidogo."

Agness alicheka mpaka akashikwa na watu wawili. Kaka naye akajaribu kununa, ikamshinda. Akachukua kisu kwenye sinia, akaenda kwenye mgomba. Nilisimama, Aikande, kalamu ikaanguka. Akakata kamba.

"Nenda, marehemu," akamwambia.

Ndivyo anavyoitwa sasa. Kwenye kumbukumbu za ukoo ni mbuzi aliyekwisha kuliwa. Marehemu amekula kitambaa cha meza, nusu ya kamba yake, na ukurasa wa kwanza wa kumbukumbu. Ukurasa wa pili, wenye uamuzi, uko chini ya Biblia yangu.

Kuhusu cha mgongo. Kilikuwa laini mno, nikasema pana kosa la kiufundi. Kisha nikageuza kile kikaratasi ulichokibandika chini ya kopo lake, nikasoma: "Nje kavu, inajifanya haijali kitu. Ndani laini kuliko zote. Isiambiwe." Sijaambiwa. Nimekila chote.

Na sasa la kwako. Hakuna zamu, mwanangu. Krismasi ya mwaka juzi nilikaa upande wa pili wa meza, nikaona fungu lako likishuka chini kwa mbwa wa jirani, mboni za macho yako ziko dirishani. Sikuliandika popote, hata kwenye shajara. Unafanya kazi ya nyama na nyama huli, na unaogopa kumwambia Baba yako Mkubwa. Mwakani njoo. Ukiitwa, simama, pokea kwa mikono miwili, sema "nimepokea". Fungu lako litakuwa kiburu, na kikifungwa ndani ya jani la mgomba hakuna atakayejua isipokuwa mwandishi, na mwandishi hapingi.

Kikaratasi cha mgongo nimekibakiza.

Shangazi yako,
Elisifa

Nimeongeza asubuhi ya tarehe 27 kabla ya kufunga bahasha: jana nililala saa tatu na nusu. Komeo sikulikagua.